Ritifaa, Kistari na Nukta: Kutafuta Maneno katika Matini za Kiswahili cha Katanga kwa Kompyuta

Mwanafunzi wa isimu aliyekusanya mizizi ya vitenzi vya Kiswahili cha Kolwezi na kuihifadhi katika faili liitwalo mizizi.txt huenda akataka kujua iwapo mzizi -cheka umo katika orodha yake, na umeandikwa mara ngapi. Huketi mbele ya kompyuta na kuandika amri ifuatayo:

grep -cheka mizizi.txt

Kompyuta haimkatalii wala haimwonyi. Humjibu kwa tarakimu moja tu, mathalani 212, naye huinakili katika jedwali lake. Kumbe tarakimu hiyo haina uhusiano wowote na kucheka. Ni hesabu ya mistari yote iliyo na silabi ka: -kata, -pika, -anguka na mingineyo. Programu imeona kistari mwanzoni mwa neno, ikalichukua neno zima kuwa ni mfululizo wa maagizo mafupi: c, yaani hesabu mistari, h, yaani usitaje jina la faili, e, yaani kinachofuata ndicho kitafutwacho. Baada ya herufi hizo tatu kilichobaki ni ka.

Kosa la namna hii ni baya kuliko lile linaloifanya kompyuta isimame, kwa kuwa linakuja limevaa sura ya matokeo ya utafiti. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi alama ambazo mwandishi wa Kiswahili huzitumia kila siku, hasa ritifaa, kistari, nukta, mabano na herufi za Kifaransa zenye alama juu yake, zinavyosomwa na programu za kutafutia maneno, na namna ya kuzilazimisha programu hizo zitafute kile hasa kilichokusudiwa. Mifano yote inahusu matini za Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba. Sababu ya uteuzi huo ni kwamba matini hizo zimejaa karibu kila tatizo linaloweza kutokea.

Programu na wasomaji wake wawili

Grep ni programu ndogo iliyoandikwa na Ken Thompson katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina lake limetokana na amri ya mhariri wa maandishi wa zamani uitwao ed: g/re/p, ambayo maana yake ni kutafuta ruwaza fulani katika faili zima na kuchapisha kila mstari ulio nayo. Nadharia ya ruwaza hizo ni kongwe kuliko programu yenyewe. Mwanahisabati Stephen Kleene aliieleza mwaka 1956, naye Thompson akaonyesha mwaka 1968 jinsi ya kuitekeleza katika mashine. Hadi leo watafiti wa lugha wanaendelea kuitumia grep. Haihitaji intaneti, hailipiwi, hufanya kazi katika kompyuta kuukuu, na hupitia maelfu ya kurasa kwa muda mfupi sana.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba amri haiendi moja kwa moja kwa grep. Husomwa kwanza na programu nyingine ipokeayo amri za mtumiaji, iitwayo sheli (si ile ya kuuzia petroli). Sheli huukata mstari wa amri vipande vipande kwa kufuata nafasi zilizo kati ya maneno, na humo njiani hutafsiri alama kadhaa kwa desturi zake. Kinyota na kiulizo huchukuliwa kuwa ni vibadala vya majina ya mafaili. Alama ya dola huashiria jina la kitu kilichohifadhiwa. Ritifaa na alama za kunukuu hufungua na kufunga maneno yasiyotakiwa kukatwa. Kinachosalia baada ya kazi hiyo ndicho kinachokabidhiwa kwa grep, nayo huanza kukisoma upya kwa desturi zake tofauti. Karibu kila kosa litakaloelezwa hapa chini linatokana na mtafiti kuandika kana kwamba msomaji ni mmoja, hali wapo wawili, na kila mmoja ana sarufi yake.

Kwa nini jambo hili liwahusu wanaisimu

Kiswahili cha Katanga, au Kiswahili cha Shaba kama kilivyoitwa mkoa ulipokuwa na jina hilo kati ya 1971 na 1997, ni lugha ya mamilioni ya watu, lakini maandishi yake yaliyohifadhiwa si mengi. Kwa miaka mingi kilipimwa kwa kipimo cha Kiswahili bora cha mashuleni na kuonekana kuwa ni lugha pungufu. Matini chache zilizokusanywa kwa uangalifu ndizo zilizowawezesha wataalamu kuonyesha kwamba lugha hii ina kanuni zake. Kolwezi ina nafasi ya pekee katika historia hiyo. Ni katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoï, mjini Kolwezi, ambako padre Placide Tempels alihamia mwaka 1953, na huko ndiko harakati ya Jamaa ilikokua. Mafundisho ya Jamaa yalitolewa kwa Kiswahili cha wachimba migodi. Johannes Fabian, aliyeichunguza harakati hiyo katika miaka ya 1966 na 1967 na kutoa kitabu juu yake mwaka 1971, alianzia hapo safari ndefu ya kuandika na kuchapisha matini za lugha hii.

Mwaka 1990 Fabian alichapisha historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965. Katika maandishi ya Yav mipaka ya maneno hubadilika-badilika. Hapa viambishi vimeunganishwa na mzizi, pale vimetenganishwa. Ilibidi Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, aisome matini kwa sauti ili iandikwe upya, na kitabu kikatoa sura zote mbili. Mwaka 1996 Vincent de Rooij alikamilisha huko Amsterdam tasnifu kuhusu mazungumzo yanayochanganya Kiswahili cha Shaba na Kifaransa. Baadaye wawili hao waliweka katika intaneti mkusanyiko uitwao Archives of Popular Swahili, ambao mwanafunzi yeyote wa Lubumbashi au Kolwezi anaweza kuusoma na kuutafuta kwa grep.

Basi mwanafunzi akitafuta umbo fulani katika mkusanyiko kama huo na kupata sifuri, ataandika nini? Mara nyingi huandika kwamba umbo hilo halitumiki Katanga. Sentensi hiyo ikishachapishwa hunukuliwa na wengine, na lugha ambayo tayari imesemwa kuwa ni pungufu hupungukiwa tena, safari hii kwa sababu ya alama moja ya uakifishaji.

Ritifaa

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ng'. Katika tahajia sanifu, ritifaa ndiyo inayotenganisha nazali ya kaakaa laini, kama katika ng'ombe, na mfuatano wa nazali na kipasuo, kama katika ngoma. Mtafiti ana haki ya kuuliza: je, waandishi wa Kolwezi huandika ng'ombe au ngombe? Swali hili lina uzito, kwa maana linagusa matamshi na pia linagusa kiwango ambacho tahajia ya shule imeingia katika maandishi ya watu wa kawaida. Mtafiti anaandika:

grep ng'ombe mahojiano.txt

Hakuna kinachotokea. Kwenye kioo inatokea alama > peke yake, na kompyuta inangoja. Sheli imeichukua ritifaa kuwa ni mwanzo wa nukuu, na inasubiri ritifaa ya pili ya kuifunga. Mtumiaji asiyejua hudhani kwamba mashine imekwama na kuizima. Huyo angalau ameonywa. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo ritifaa ya pili inapatikana katika mstari huohuo. Na ichukuliwe kwamba faili limepewa jina la M'siri, mfalme wa Wayeke aliyekuwa na makao yake Bunkeya, katika mkoa wa Lualaba wa leo, na aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 wakati wa msafara wa William Stairs:

grep ng'ombe m'siri.txt

Hapa sheli huona nukuu iliyofunguliwa na kufungwa vizuri. Huziondoa ritifaa zote mbili na kuikabidhi grep neno moja refu: ngombe msiri.txt. Grep inalichukua hilo kuwa ndilo la kutafutwa, haioni jina la faili lolote, na inangoja maandishi kutoka kwenye kibodi. Hata alama > haipo ya kumshtua mtumiaji.

Dawa ni kuifunika ritifaa kwa alama mbili za kunukuu:

grep "ng'ombe" mahojiano.txt

au kuitanguliza mkwaju wa nyuma, yaani ng\'ombe. Ndani ya ritifaa mbili hakuna njia ya kuandika ritifaa nyingine. Hata mkwaju wa nyuma hausaidii humo, kwa kuwa kati ya ritifaa na ritifaa sheli huziacha herufi zote kama zilivyo. Wazoefu huandika 'ng'\''ombe', yaani hufunga nukuu, huweka ritifaa iliyotanguliwa na mkwaju, kisha hufungua nukuu nyingine. Njia hiyo ni sahihi lakini inachosha macho, na kwa Kiswahili alama mbili za kunukuu zinatosha karibu kila mara.

Ritifaa ikishavuka mlango wa sheli, tatizo la pili huikuta ndani ya grep. Chaguo -w huiagiza programu itafute neno zima, si sehemu ya neno. Lakini kwa grep neno ni mfululizo wa herufi, tarakimu na kistari cha chini, basi. Ritifaa si sehemu ya neno. Kwa hiyo grep -w ng italeta kila mstari wenye ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, kana kwamba Kiswahili kina neno ng. Athari yake huonekana zaidi katika hesabu za maneno. Orodha ya marudio ya maneno iliyotengenezwa kwa kufuata desturi hii huwa na neno ng, neno ombe na neno ambo, wakati ng'ombe mwenyewe hayumo. Anayetaka maneno yahesabiwe kwa mujibu wa tahajia ya Kiswahili hana budi kuitaja ritifaa kuwa ni herufi miongoni mwa herufi:

grep -oE "[[:alpha:]'’]+" mahojiano.txt

Msomaji makini ataona kwamba ndani ya mabano hayo kuna ritifaa mbili, moja iliyonyooka na nyingine iliyopinda. Hapo ndipo lilipo tatizo la tatu, na pengine ndilo linalopoteza data nyingi kuliko yote. Programu za kuandikia barua na tasnifu hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila ya kumwuliza mwandishi. Kwa macho ya binadamu hizo ni alama moja. Kwa kompyuta ni alama mbili zenye namba tofauti: iliyonyooka ni U+0027 katika orodha ya Unicode, na iliyopinda ni U+2019. Ipo pia iliyopindia upande wa pili, U+2018, na ipo U+02BC ambayo wanafonetiki huipenda kwa kuwa imehesabiwa kuwa ni herufi kamili. Mwanafunzi mmoja akiandika mahojiano yake katika programu ya tasnifu, mwenzake akayaandika katika simu, na wa tatu akayanakili kutoka katika kitabu, mkusanyiko wao mmoja utakuwa na ng'ombe wa aina tatu ambao hawajuani.

Ritifaa iliyopinda haina kazi yoyote kwa sheli. Amri yenye ritifaa hiyo haisimami kungoja. Inatafuta, na inaleta sehemu tu ya maumbo yaliyomo. Iliyonyooka husimamisha kazi, iliyopinda hudanganya. Amri ifuatayo hukusanya maumbo manne pamoja na lile lisilo na ritifaa kabisa:

grep -E "ng['’‘ʼ]?ombe" mahojiano.txt

Na anayetaka ng isiyo na ritifaa peke yake ataandika "ng([^'’‘ʼ]|$)", yaani ng inayofuatwa na chochote kisicho ritifaa, au inayoishia mwisho wa mstari. Inafaa kuongeza kwamba amri zenyewe hupatwa na ugonjwa huohuo. Mwalimu akiziandaa katika programu ya tasnifu na kuwagawia wanafunzi, alama za kunukuu hupindishwa, na mwanafunzi akizinakili jinsi zilivyo, sheli haizitambui tena. Huzipeleka kwa grep kama sehemu ya neno.

Jina la M'siri lina mkasa wake. Limeandikwa M'siri, Msiri, Msidi na Mushidi kwa kutegemea mwandishi na wakati. Ruwaza "[Mm]['’]?siri|Msidi|Mushidi", ikitanguliwa na chaguo -E, huyaleta yote, ila pamoja nayo huja msiri wa kawaida, yule mtunza siri. Hakuna alama itakayowatenganisha hao wawili isipokuwa herufi kubwa, na katika matini zilizoandikwa bila ya kujali herufi kubwa ni lazima mtu asome mwenyewe.

Nukta, mabano na dola

Nakala za mazungumzo huwa na alama za mnakili: nukta tatu pale msemaji anaponyamaza, mabano ya mraba yenye maelezo kama [anacheka] au [kelele za gari]. Alama hizi zote ni lugha ya grep. Nukta moja humaanisha herufi yoyote ile, hivyo grep '...' huleta kila mstari wenye angalau herufi tatu. Mabano ya mraba humaanisha moja kati ya herufi zilizomo, hivyo grep '[anacheka]' huleta kila mstari wenye a au n au c au h au e au k. Katika Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa irabu, ni vigumu kupata mstari usiokuwa na hata moja ya hizo. Mtafiti wa kicheko katika mazungumzo ya Kolwezi angegundua kwamba wasemaji wake hucheka katika kila sentensi.

Kwa haja hizi lipo chaguo -F, linaloiamuru grep isitafsiri chochote bali itafute herufi jinsi zilivyoandikwa:

grep -F '[anacheka]' mahojiano.txt
grep -F '...' mahojiano.txt

Katika mafundisho ya matumizi ya kompyuta kwa wanaisimu, chaguo hili lingestahili kufundishwa kabla ya kinyota na ndugu zake. Anayeanza hutafuta maneno, hatafuti ruwaza.

Kiulizo nacho kina hila. Katika grep ya kawaida hakina maana maalumu, lakini kwa chaguo -E humaanisha kwamba herufi iliyotangulia inaweza kuwapo au kukosekana. Mtu anayetafuta maswali yanayoishia kwa iko, ambayo ni mengi katika Kiswahili cha Katanga, akiandika grep -E 'iko?' atapata kila palipo na ik: fika, andika, sikia. Na asipoiweka ruwaza ndani ya nukuu, sheli hukichukua kiulizo kuwa ni kibadala cha herufi katika jina la faili. Likiwapo faili liitwalo iko1 katika mahali hapo, grep itaambiwa itafute iko1.

Kuhusu alama ya dola, mfano unatoka migodini. Katika mahojiano na wachimbaji wadogo wadogo wa Kolwezi, fedha hutajwa kwa dola. Mtafiti akiandika grep "$50" mahojiano.txt, alama mbili za kunukuu hazimkingi, kwa sababu ndani yake sheli bado huitafsiri dola. Sheli husoma $5, yaani kitu cha tano ilichopewa. Kwa kuwa hakuna, huweka patupu, na kinachobaki ni 0. Mtafiti huletewa kila mstari wenye sifuri, pamoja na miaka 1970, 1990 na 2000. Hapa ritifaa, ambayo kwa ng' ilikuwa adui, ndiyo mlinzi: grep -F '$50' mahojiano.txt.

Kistari cha mizizi

Kistari kilitajwa mwanzoni. Linalobaki ni kueleza kwamba nukuu haziponyi kosa lile. Wengi hudhani kuwa '-cheka' ndani ya ritifaa iko salama. Sivyo. Sheli huzivua nukuu kabla ya kumkabidhi msomaji wa pili, na grep huona kistari kilekile. Kila mzizi huleta maafa yake kwa kutegemea herufi zake. Mzizi -enda husomwa kuwa 'tafuta nda', ukaleta penda, kitanda na banda. Mzizi -fika husomwa kuwa 'soma ruwaza kutoka katika faili liitwalo ika', na kwa bahati njema programu hulalamika kwamba faili hilo halipo. Mzizi -lala ni maagizo manne yanayorudiwa mawili mawili, baada yake jina la faili likawa ndilo neno linalotafutwa na kompyuta ikalala kweli.

Namna ya kujikinga ni mbili, nazo ni sawa:

grep -e -cheka mizizi.txt
grep -- -cheka mizizi.txt

Vistari viwili peke yake huiambia grep kwamba maagizo yamekwisha.

Herufi zisizoonekana

Musonoï ina nukta mbili juu ya i ya mwisho. Kwenye kibodi ya Kifaransa inayotumika Kongo, é, è, ç na à zina vibonye vyake, lakini ï hupatikana kwa kubonyeza mara mbili, kwanza nukta kisha herufi. Si ajabu kwamba wengi huandika Musonoi. Wengine huandika Musonoie, umbo lililomo hata katika jina la kampuni ya madini. Ruwaza 'Musono[iï]' huyakusanya yote matatu, lakini kwa sharti kwamba kompyuta na faili vinakubaliana juu ya namna ya kusimba herufi.

Mfumo wa ASCII, ulioanza 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, zikatosha kwa Kiingereza na, kwa bahati, kwa Kiswahili sanifu chenye ritifaa iliyonyooka. Kifaransa hakikuwamo. Mifumo iliyofuata iliipa kila herufi ya ziada baiti moja, ila kila kampuni ilichagua namba zake. Mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson yuleyule pamoja na Rob Pike mwaka 1992, huziandika herufi hizo kwa baiti mbili au zaidi. Matokeo yake ni kwamba grep ikitumika katika mazingira yasiyojua UTF-8, é si herufi moja bali ni baiti mbili, na ruwaza 'G[eé]camines' hulipata Gecamines lakini hulikosa Gécamines, kwa sababu mabano hulingana na baiti moja tu. Amri locale huonyesha mazingira yaliyopo. Ikionyesha C au POSIX bila ya UTF-8, inafaa kubadilisha kabla ya kuanza kazi.

Mafaili ya miaka ya 1990, yaliyonusurika katika diski za idara na za watu binafsi, yana hatari nyingine. Grep ya kisasa ikikuta baiti zisizo halali katika UTF-8 huliona faili kuwa si la maandishi, na badala ya kuonyesha mistari hutoa arifa fupi tu kwamba kuna kitu kimepatikana. Mtafiti hulazimika kuligeuza faili kwanza:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 kale.txt > mpya.txt

Jina la mfumo wa zamani ni lazima liwe sahihi. Wengi huandika ISO-8859-1, kwa kuwa karibu herufi zote za Kifaransa zina namba zilezile katika mifumo yote miwili, na wakiona é imetokea vizuri huridhika. Lakini ritifaa iliyopinda ina nafasi katika mfumo wa kwanza na haina katika wa pili. Ikigeuzwa kwa jina lisilo lake huwa alama ya udhibiti isiyoonekana kwenye kioo. Ng’ombe huonekana kama ngombe, hali katikati yake kuna kitu, na hakipatikani kwa kutafuta ngombe wala ng'ombe. Mafaili yaliyoandikwa katika mfumo wa DOS hutumia namba nyingine tena, na kwa hayo CP850 ndilo jina la kujaribiwa kwanza.

Kuna nafasi nayo. Uchapaji wa Kifaransa hutenga kiulizo na neno lililotangulia, na programu ya kuandikia ikiwekwa katika Kifaransa hutia hapo nafasi isiyokatika, U+00A0, ambayo haiwi sawa na nafasi ya kawaida. Sentensi 'Kazi iko ?' iliyochapwa Kolwezi haipatikani kwa 'iko?' wala kwa 'iko ?'. Kwa matini zenye mipaka ya maneno isiyotulia, kama ile ya Yav, jambo hili huongezea ugumu mwingine juu ya mu muji na mumuji, ambayo kwa nafasi ya kawaida yangekusanywa kwa urahisi kwa grep -E 'mu ?muji'.

Zipo herufi ambazo Unicode yenyewe inaruhusu ziandikwe kwa njia mbili. Herufi ï inaweza kuwa alama moja, U+00EF, au i ya kawaida inayofuatwa na nukta mbili zinazoelea, U+0308. Kwa macho hazitofautiani, wala grep haizilinganishi. Amri uconv -x any-nfc, palipo na programu hiyo, huzirudisha zote katika umbo la kwanza, na ni vyema ifanywe mara moja kwa mkusanyiko mzima kuliko kukumbukwa kila mara ya kutafuta.

Kabla ya kuamini sifuri yoyote, mtafiti anaweza kujiandalia faili la majaribio lenye mistari mitano: ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, kwa iliyopinda, kwa iliyopindia upande wa pili, kwa ile ya wanafonetiki, na ngombe bila ritifaa. Amri iliyokusudiwa kwa mkusanyiko mzima ijaribiwe kwanza hapo kwa chaguo -c. Ikijibu 5, iingie kazini, na iandikwe yenyewe, pamoja na nukuu zake na kistari chake, katika kiambatisho cha tasnifu, ili msomaji wa Lubumbashi au wa Dar es Salaam aweze kuirudia neno kwa neno. Ikijibu 4, kuna ng'ombe mmoja hajarudi zizini.